Shahada ya heshima: tusomewe pia jina la aliyependekeza

Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji wako mmoja alilalamika kwamba vyuo vikuu vyetu vinagawa udaktari wa heshima kama njugu, tena kwa wanasiasa, ambao kisha hujiita Daktari. Ninamwelewa. Ila lawama zote alimtwika aliyevikwa joho, na hapo ndipo ninapotaka kumsaidia, maana mimi nilikaa upande wa pili wa meza. Kwa miaka 27 nilikuwa karani katika ofisi ya msajili wa masomo ya chuo kikuu ambacho sitakitaja, kwanza kwa sababu pensheni yangu bado inatoka huko, pili kwa sababu mambo haya si ya chuo kimoja. Nilianza na taipureta, nikamaliza na kompyuta. Ukitaka kujua kwa nini fulani alipewa, siku ya mahafali haitakuambia kitu. Uliza nani alijaza fomu.

Wengi hudhani Chansela huamka asubuhi akachagua jina. Sivyo. Mtu hupendekezwa kwa fomu inayoambatana na wasifu wake na maelezo ya kwa nini anastahili, na fomu hiyo hutiwa sahihi na mpendekezaji na mwingine anayemuunga mkono. Inaenda kwa kamati ya shahada za heshima, ambayo ni kamati ndogo ya Seneti (Seneti ya chuo, yaani maprofesa na wakuu wa vitivo, si ile ya maseneta wa kaunti). Kamati ikiridhika hupeleka jina kwa Seneti, Seneti kwa Baraza la chuo, na Baraza likikubali ndipo mteuliwa huandikiwa barua kuulizwa kama ataipokea. Mpaka siku hiyo hatakiwi kujua lolote. Kujipendekeza ni marufuku, kinyozi hajinyoi. Vyuo vingi havipokei jina la mfanyakazi wao wala la mjumbe wa Baraza lao, na vingine vinamkataa mwanasiasa mpaka atoke ofisini. Anayekubali hutakiwa kuja mwenyewe, asimame jukwaani akisomewa sifa zake, kisha apewe mamlaka ya kusoma na kutenda yote yanayoambatana na shahada hiyo, sawa na wale vijana waliokesha miaka na miaka juu ya vitabu.

Karatasini, basi, utaratibu hauna kasoro. Nimeupiga chapa mara nyingi kiasi kwamba naweza kuusema usingizini.

Sasa nikueleze siku moja ya miaka ya tisini, enzi ambazo Rais wa nchi ndiye alikuwa Chansela wa kila chuo kikuu cha umma. Kamati ilikuwa na majina manne mezani. Bahasha za siri nilizigawa mwenyewe, na baada ya mkutano ilinipasa kuzikusanya na kuzihesabu moja moja, maana hakuna karatasi iliyoruhusiwa kutoka chumbani. Nilikaa nyuma ya msajili nikiandika kumbukumbu. Majina matatu yalikuwa na fomu zake, nyaraka zake, na barua za watu waliowafahamu wateuliwa kwa kazi zao. La nne lilikuwa la mkubwa mmoja serikalini, na bahasha yake ilikuwa nyepesi. Ndani mlikuwa na ukurasa mmoja wa vyeo alivyowahi kushika.

Mwenyekiti akasema jina hilo halina haja ya mjadala mrefu. Wote wakatazama vikombe vya chai. Kulikuwa na profesa mmoja wa botania, mzee mkimya, ambaye tulikuwa tukitaniana ofisini kwamba huja mikutanoni kwa ajili ya mandazi. Akapangusa vidole, akauliza: "Nani amempendekeza?"

Msajili akafunua kurasa mbele, akafunua nyuma. Hapakuwa na fomu. Hakuna aliyetaka kusema ni mimi, na hakuna aliyethubutu kusema ni simu. Nikaandika kwenye kumbukumbu, "Jambo hili liliahirishwa," na ndani ya moyo wangu nikampigia mzee yule makofi.

Makofi yangu hayakufika mbali. Mkutano uliofuata fomu ilikuwapo, imejazwa vizuri, ina sahihi mbili, na tarehe yake ilikuwa ya wiki tatu kabla ya ule mkutano wa kwanza. Najua iliandikwa lini kwa sababu niliyeipiga chapa ni mimi. Jina likapita. Baadaye mhadhiri aliyepewa kazi ya kuandaa sifa za kusomwa siku ya mahafali alikuja kwenye dawati langu akiwa na karatasi iliyojaa nafasi wazi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, huyu kwani amefanya nini?" Tukahangaika naye mpaka saa kumi na moja. Katika ukurasa mmoja maneno "kiongozi mwenye maono" yalijitokeza mara tatu. Nilitoa moja, nikaacha mawili.

Mtindo wa kupata kwanza jina kisha kutafuta sababu ni wa kale kuliko vyuo vyetu. Shahada ya heshima ya kwanza inayojulikana ilitolewa na Oxford mwishoni mwa miaka ya 1470 kwa Lionel Woodville, ambaye alikuwa shemeji ya Mfalme Edward IV. Walimsamehe masharti ya masomo bila hata kumngoja aombe. Kumbe ushemeji haukuzaliwa Nairobi.

Lakini Oxford hiyo hiyo ina jambo ambalo mimi hulikumbuka kila msimu wa mahafali ukifika. Mwaka 1985 jina la Margaret Thatcher lilipelekwa kwa kura ya wahadhiri wenyewe. Alikuwa Waziri Mkuu aliye madarakani, tena mwanafunzi wao wa zamani aliyesomea kemia pale pale. Wakamnyima: kura 738 zilimkataa, 319 zilimkubali, kwa hasira ya jinsi serikali yake ilivyokuwa imebana fedha za elimu na utafiti. Iwe walifanya haki au hawakufanya, takwimu hizo zipo mpaka leo na kila mtu anazijua. Kwetu sijawahi kuona hesabu ya kura ya namna hiyo ikitoka nje ya chumba. Nimeona ikichomwa, hilo ndilo nimeona.

Kuna wanaosema dawa ni kuacha kabisa. MIT, Stanford na Cornell za Marekani hazitoi shahada za heshima, na hakuna aliyewahi kusema vyuo hivyo vimepungukiwa. Sikubaliani. Chuo kinachojua kumtazama mtu aliye nje ya ukuta wake kikasema, "Huyu naye ni msomi," kimefanya kazi njema. Taabu ni kwamba nje ya ukuta kuna watu wengi, na anayeonekana ni yule aliyesimama karibu na lango akiwa na gari kubwa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga hawakuwahi kujaza fomu hii. Mimi nimeijaza, na hapo chema hakijiuzi hata kidogo.

Nilipostaafu nilianza kupita Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, kutafuta mtu wa kunitengenezea mlango wa geti la nyumba Buruburu. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja. Simtaji jina, na utaona sababu. Nilipofika nilikuta vijana watatu waliovaa makoti meupe ya maabara wamesimama juu ya kipande cha mashine, na mzee amepiga magoti anawaonyesha mahali walipokosea pembe. Nikadhani ni wanagenzi wake. Kumbe ni wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa mwisho kutoka chuo kikuu, wameleta mradi wao wa kufuzu. Nilirudi mara nne kabla geti halijaisha (fundi ni fundi, hata akiwa hodari kiasi gani), na kila mara nilikuta wengine. Mmoja aliniambia mhadhiri wao ndiye huwaelekeza: mchoro wachore chuoni, lakini kabla ya kukata chuma wamwone mzee. Yeye aliachia darasa la sita. Amekuwa akigonga bati na chuma hapo tangu miaka ya sabini, na mafundi aliowalea wana vibanda vyao kuanzia Gikomba mpaka Kariobangi Light Industries.

Nikasema moyoni, mtu wa shahada ya heshima ndiye huyu. Nikaenda chuo kimoja hapa jijini, si kile nilichokuwa nikifanyia kazi, nikachukua fomu. Kurasa nne.

Sharti la kwanza lilinitoa jasho. Mteuliwa asijue kwamba anapendekezwa, lakini uambatanishe wasifu wake kamili. Mtu mwenye ofisi, wasifu wake uko kwa karani wake au kwenye tovuti ya kampuni. Wa mzee wa Kamukunji utaupata wapi bila kumuuliza? Nikanunua daftari, nikaenda nikakaa kwenye kigoda chake, nikaanza kumhoji kijanja: Mzee, ulizaliwa mwaka gani? Ulifika Nairobi lini? Nani alikufundisha kazi? Umefundisha wangapi? Akanijibu huku akigonga. Baada ya nusu saa akaweka nyundo chini, akanitazama.

"Madamu, unaniandikia wasifu wa marehemu?"

Nikacheka mpaka machozi. Lakini alikuwa na haki ya kuuliza, maana kwetu mtu wa kawaida huandikiwa historia yake mara moja tu, na siku hiyo yeye hayuko wa kuisahihisha. Nikamdanganya kwamba ni ya kumbukumbu za kikundi chetu cha wastaafu. Mungu anisamehe.

Ukurasa wa pili uliuliza machapisho ya mteuliwa. Nikaandika: mashine za kupukuchua mahindi, majiko, wilibaro, na miradi ya wanafunzi isiyohesabika. Ukauliza nyadhifa alizoshika. Nikaacha wazi. Ukauliza tuzo. Wazi. Ukauliza ni kwa namna gani uhusiano na mteuliwa utakinufaisha chuo. Swali hili nililisoma mara tatu. Katika kazi yangu yote sikuwahi kuliona kwenye fomu ya zamani, ingawa sitasema halikuwamo vichwani. Ukiuliza hivyo umeshaweka mizani sokoni. Tajiri atajibu kwa jengo la maktaba, na mzee wangu atajibu kwa nini? Nikaandika, "Tayari anakinufaisha. Ulizeni kitivo cha uhandisi."

Nikapeleka. Nikapata barua ya mistari mitatu kwamba pendekezo langu limepokewa na nashukuriwa. Huu ni mwaka wa tatu. Sijaambiwa limekataliwa, sijaambiwa limekubaliwa, wala kama lilifika kwenye kamati au liliishia kwa karani kama mimi aliyeona nafasi wazi ni nyingi mno akaliweka chini ya mengine. Siri, siri, siri. Mimi siri ya kumlinda mteuliwa naielewa: si vizuri mtu ajue alikataliwa kitu ambacho hakukiomba. Lakini siri hiyo imekuwa blanketi, na waliolala chini yake siyo wateuliwa.

Kwa hiyo nikatae nini hasa? Silalamikii kwamba wanasiasa wanapewa. Wapo waliostahili. Nalalamikia kwamba tukishampa mtu hatuambiwi nani alileta jina lake. Kwenye harambee zetu tunasomewa kila kitu, hata aliyetoa shilingi mia mbili na kuku hutajwa kwa kipaza sauti, na kuku huinuliwa tumwone. Mahafalini tunasomewa sifa za mpewa kurasa tatu, lakini mpendekezaji hatajwi. Ombi langu kwa vyuo ni hilo moja. Shahada ikishatolewa, siri imekwisha kazi yake. Tusomeeni jina la aliyempendekeza na aliyemuunga mkono, na mchapishe maelezo waliyoandika kwenye fomu, yale ya awali, siyo yaliyopambwa baadaye. Profesa anayejua kwamba jina lake litasomwa mbele ya wanafunzi wake na wazazi wao hatatia sahihi fomu ya tarehe ya nyuma kwa ajili ya simu ya mtu. Na akitia, angalau tutamjua.

Faida nyingine ni siku mambo yanapoharibika. Chuo Kikuu cha Edinburgh kilimpa Robert Mugabe shahada ya heshima mwaka 1984, kikamnyang'anya mwaka 2007. Vyuo vikuu vya Massachusetts na Michigan State vya Marekani navyo vikafuata mwaka 2008. Siwalaumu kwa kutoa, mwaka 1984 wengi wetu tulimshangilia. Lakini anapovuliwa joho, hubaki yeye peke yake jukwaani, na waliomvisha hawaonekani.

Kuna wengine walioogopa kuharakisha. Arizona State ilimwalika Barack Obama ahutubie mahafali ya mwaka 2009, akiwa Rais wa Marekani kwa miezi kadhaa tu, ikakataa kumpa shahada ya heshima kwa hoja kwamba kazi zake bado ziko mbele. Huku kwetu watu waliona ni tusi kwa mwana wa Kogelo. Alikwenda akahutubia, akalichukua kwa mzaha. Mimi niliwaza jinsi msajili wa kule alivyopokea simu siku hiyo.

Kuhusu kujiita Daktari nitasema kidogo tu, kwa kuwa msomaji wako alilikazania. Wakuu wa vyuo vikuu vya Nigeria walikubaliana mwaka 2012, katika tamko linaloitwa la Keffi, kwamba mwenye shahada ya heshima asiiweke mbele ya jina lake, na kwamba walio madarakani wasipewe. Jirani zetu Tanzania wana mazoea tofauti: tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimtunuku Rais Samia Suluhu Hassan Novemba 2022, huandikwa Dkt. Samia. Kila nchi na desturi yake. Ila hao hao Watanzania walikuwa na Julius Nyerere, aliyekuwa na shahada za heshima kutoka vyuo vingi, ikiwemo ya Edinburgh ya mwaka 1962, na ndiye aliyekuwa Chansela wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Alikufa akiitwa Mwalimu.

Udaktari wa hotelini, ule wa kununuliwa, nao siwezi kuuruka. Mwaka jana mtoto wa kaka yangu, mfanyabiashara mdogo na mzee wa kanisa, alinitumia ujumbe wa WhatsApp kwa furaha. "Shangazi, nimeteuliwa." Barua ilikuwa na nembo ya tai, jina la chuo cha nchi ya mbali, na anwani ya sanduku la posta. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na shilingi 85,000 za "joho, ukumbi na chakula cha mchana". Nikamuuliza swali la profesa wa botania. Nani amekupendekeza? Akasema hajui, waliona kazi zake kwenye mtandao. Nikamwambia kama mtu asiyekujua amekupendekeza na anakutumia bili, huyo ni muuzaji. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu imeshasema mara kadhaa kwamba shahada za heshima hutolewa na vyuo vilivyoidhinishwa tu, lakini barua yenye tai inapendeza kuliko tangazo la tume. Hakulipa. Alinuna miezi miwili, hata Krismasi hakuja. Rafiki yake alilipa, na sasa yuko kwenye mabango ya Jogoo Road, Dkt. fulani, na tabasamu.

Ndiyo maana naona hata vyuo halali vingejilinda kwa kutaja wapendekezaji. Wauza majoho wana karibu kila kitu: kofia, mahameli nyekundu, Kilatini, picha. Wasichoweza kukionyesha ni mtu mwenye jina na kazi yake aliyekaa akaandika, "Namfahamu huyu, na hiki ndicho alichofanya."

Narudi Kamukunji. Mwezi uliopita nilichukua fomu nyingine, ya chuo kingine. Daftari langu bado ninalo, na safari hii nimeandika vizuri zaidi. Ile nafasi ya nyadhifa nimeijaza kwa majina ya mafundi kumi na wanne aliowafunza, na kila mmoja ametia sahihi yake au dole gumba. Mzee bado anadhani ni mambo ya kikundi cha wastaafu. Fomu hii ina kipengele kimoja ambacho siwezi kukijaza mwenyewe: anayeniunga mkono lazima awe profesa au mhadhiri mwandamizi. Nimewafuata wawili. Mmoja aliniomba nimpe muda afikirie, mwingine aliniuliza mzee huyo anafahamiana na nani.

Kama kuna mhadhiri wa uhandisi anayesoma barua hii ambaye mradi wake wa mwaka wa mwisho ulichomelewa na mzee mmoja Kamukunji, mlangoni pa kibanda chenye mlango wa buluu, anamjua ninayemsema. Mhariri, namba yangu ya simu unayo, nakuruhusu umpe. Fomu inafungwa mwisho wa mwezi.

Karani mstaafu,
Buruburu, Nairobi